Je, Wajua? Poda ya Uso na Tairi la Bodaboda Vina Undugu

Poda ya uso inayouzwa madukani Kitale na tairi la bodaboda inayopanda kwenda Saboti mara nyingi huwa na kitu kimoja: stearati ya zinki. Ni unga mweupe unaopatikana zinki inapoungana na asidi ya mafuta ya mawese au ya ng'ombe.

Ukisuguliwa vidoleni huteleza. Ukidondoshewa maji, tone huviringika juu yake bila kuulowesha. Pia husaidia poda kushika usoni.

Viwandani huzuia gambuti na plastiki kunata kwenye kalibu. Ndani ya tairi hujiunda humo humo, mpira ukipikwa kwa salfa, na kusaidia mpira kukomaa upesi.

Ila unga huu usipuliziwe mtoto hata kidogo! Miaka ya 1920, madaktari wa Marekani waliripoti vifo vya wachanga waliouvuta puani.