Pima Kivuli Kwanza

Kunduchi Pwani, saa tatu asubuhi, mnada wa samaki umeshachangamka. Mama mmoja amekaa kwenye mkeka chini ya kibanda cha makuti, beseni la dagaa mbele yake, bahari ameipa mgongo. Kamera yangu ni ya mkanda, na ndani ya kioo chake kuna sindano ndogo inayopanda na kushuka kuonyesha kiasi cha mwanga. Nilimwomba ruhusa, akakubali. Nikamwelekezea kamera, sindano ikatulia katikati, nikafyatua. Mkanda uliposafishwa, bahari ilikuwa imetoka vizuri ajabu. Ngalawa zilionekana hadi kamba zake, mchanga hadi nyayo za watu. Mama hakuwepo. Pale alipokaa palikuwa na doa jeusi lenye umbo la mtu aliyejitanda khanga.

Sindano haikuwa mbovu. Nilipima bahari, nikampiga picha mama.

Vijana wengi wa Dar es Salaam wamerudia kamera za mkanda, na ninafurahi kuwaona Coco Beach, Msasani na Mbweni wakizungusha mkanda kwa kidole gumba. Swali wanaloniuliza mara nyingi ni mkanda gani wanunue. Mimi ningependa waulize kwanza kuhusu vipimo, kwa sababu karibu kila kipimo kinachokuja na kamera na mkanda, kuanzia sindano ile hadi joto la dawa ya kusafishia, kilipangwa na watu waliokuwa wakifikiria jua lingine, maji mengine na hata ngozi nyingine.

Tuanze na sindano. Kipimamwanga kimefundishwa jambo moja tu: kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake, vyeupe na vyeusi, utapata rangi ya kijivu inayorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Barabara ya Tandika au ukuta wa matofali wa Keko hauko mbali na kijivu hicho, kwa hiyo pale sindano husema kweli. Ufukweni ni habari nyingine. Mchanga unang'aa, maji yanametameta, na sindano, ikidhani kijivu kimezidi kuwa cheupe, inakuamuru upunguze mwanga. Ukiitii, mchanga unakuwa kijivu na aliye kivulini anazama gizani.

Ukubwa wa tofauti hiyo watu hawaujui. Mkanda wa ISO 200, jua kali, hakuna wingu: tundu la lenzi f/16 na shata 1/250 zinatosha. Ingia sasa chini ya makuti au kwenye baraza la nyumba ya Mwananyamala, kwa shata ileile utahitaji f/4 hivi. Hizo ni hatua nne, na kila hatua ni mara mbili ya iliyotangulia, maana yake barazani mwanga ni sehemu moja kati ya kumi na sita ya ule wa nje. Jicho letu hulizoea giza hilo kwa sekunde chache bila kutuarifu. Mkanda hauzoei.

Dawa yake ni kuingia kivulini mwenyewe. Nyoosha kiganja mahali mwanga ulipo sawa na ule unaouangukia uso wa unayempiga, sogeza kamera mpaka kiganja kijaze kioo, soma kipimo, kisha ongeza hatua moja, kwa kuwa kiganja cha mtu yeyote, hata mweusi kiasi gani, huwa cheupe kuliko kijivu kile. Rudi nyuma upige kwa kipimo hicho na uisahau sindano. Mchanga na anga vitapata mwanga wa kupita kiasi, lakini negativu ya rangi inastahimili hatua mbili au tatu za ziada bila shida. Upungufu ndio isioupenda. Chembe za madini ya fedha zilizomo kwenye mkanda zisipopata mwanga wa kutosha hazishiki chochote, na hakuna dawa itakayorudisha kilichokosekana, kama vile hutapata samaki kwenye dema uliloliopoa kabla maji hayajajaa. Mwenye mkanda wa slaidi afanye kinyume, achunge sehemu zenye mwanga, lakini mikanda hiyo siku hizi ni michache mno mikononi mwa watu.

Wengi wetu tuna picha ya darasa ambamo mtoto mmoja, mweusi kuliko wenzake, anaonekana macho na meno tu. Tulimcheka bure. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na fundi alisawazisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Profesa Lorna Roth wa Canada ameichunguza historia hiyo kwa kina. Alichokikuta ni kwamba malalamiko yaliyosaidia kubadili mikanda yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana pichani. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia mkanda wa Kodak kwa sababu hiyohiyo ya ngozi. Mikanda ya leo ni bora mno. Hata hivyo ngozi nyeusi iliyo kivulini bado inahitaji mpigaji anayeikusudia, na ile hatua moja ya ziada ni haki yake.

Kuna pia hii hamu ya rangi ya zamani. Kijana huja na albamu ya bibi yake, picha za mwaka 1975, zote zimeelekea uwekundu, na anataka Kigamboni yake itoke hivyo. Bibi hakupiga picha nyekundu. Karatasi za rangi za wakati ule zilikuwa na rangi ya samawati-kijani isiyodumu, hata albamu ikiwa imefungwa ndani ya sanduku, na ile ilipofifia wekundu ukabaki peke yake. Siku picha ile ilipotoka studio, bahari ilikuwa ya buluu. Unachokiona ni uzee wa karatasi, na mkanda mpya hautakupa hilo. Utakupa punje laini, vivuli vyenye joto kidogo, na nyeupe isiyokata jicho. Mimi vinanitosha.

Pwani yetu inatazama mashariki, jua linatoka majini na kuzama nyuma ya nyumba. Kwa hiyo anayetaka uso wa mvuvi uwe na mwanga na bahari iwe nyuma yake asubiri alasiri, baada ya saa kumi, jua likiwa limevuka juu ya mji. Asubuhi ni ya vivuli virefu na maumbo meusi ya mitumbwi. Adhuhuri, hasa mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini kabisa na nyusi humwaga kivuli machoni. Saa hizo nenda barazani, nenda kwenye banda la kinyozi, nenda kwa mama lishe. Na uliza habari za maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hapa hukauka mnamo saa nne asubuhi, miamba na mashimo ya maji yanabaki wazi, na watu hutembea mbali wakitafuta pweza. Siku za maji mafu hali hiyo huipati. Wavuvi wa Msasani watakuambia yote haya kabla simu yako haijafunguka.

Kabla ya kamera, salamu. Temeke niliwakuta wazee wakicheza bao. Nikaamkia, nikakaa, wakamaliza mchezo.

"Mzee wangu, naomba niwapige picha hapahapa mlipo."

"Hiyo ya mkanda? Bado ipo?"

"Ipo, mzee."

"Piga basi, mwanangu. Lakini ukishasafisha utuletee. Wa mwisho alituahidi, hatukumwona tena."

Niliwapelekea. Tangu hapo kila ninayempiga kwa karibu namhesabia nakala yake mapema, kama ninavyohesabu nauli. Na Magogoni, kwenye kivuko, uliza kwanza kabla hujainua kamera: Ikulu iko jirani pale, na walinzi wana sababu zao.

Sasa maji. Mkanda wa rangi unatupendelea: dawa yake hufanya kazi kwenye nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na maji ya bomba ya Dar es Salaam, yaliyo karibu nyuzi 28, yanahitaji kupashwa kidogo tu. Mkanda mweusi na mweupe ndio wenye taabu, kwa kuwa vitabu vyake vimeandikwa kwa nyuzi 20. Chukua HP5 Plus ya Ilford ndani ya dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji: kitabu kinasema dakika 13. Kila nyuzi moja ikiongezeka, muda hupungua kama sehemu moja ya kumi, basi kwenye nyuzi 24 ni kama dakika 9, na kwenye nyuzi 28 hazifiki hata 6. Muda mfupi namna hiyo mkono ukichelewa kidogo kumimina, picha inatoka na mawingu. Joto pia hulainisha jeletini inayoshika picha. Ndiyo maana Kodak waliwahi kutoa dawa maalumu ya nchi za joto, DK-15, yenye chumvi ya kuizuia isivimbe.

Na kazi iliwezekana: wapiga picha Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, walifanya kazi yao katika joto hilihili.

Mimi naweka beseni kubwa, natia barafu ya kununua kwa jirani, na chupa za dawa nazisimamisha humo mpaka kipimajoto kisome 24. Sishindani na 20. Jambo la lazima ni kwamba maji ya kusuuzia yawe na joto hilohilo, kwa sababu jeletini ikitoka kwenye baridi na kurukia moto hukunjamana. Mbagala na sehemu nyingi za Temeke watu wanatumia maji ya kisima yenye chumvi. Hayo yanafaa kuanzia, ila suuza ya mwisho iwe ya maji ya chupa, la sivyo mkanda ukikauka utaona madoa meupe.

Mwezi uliofuata nilirudi Kunduchi. Mama alikuwa palepale, nami nilipiga magoti kwenye kivuli chake kwanza, nikapima kiganja, nikaongeza hatua. Usiku nikatundika mkanda bafuni kwa kibanio cha nguo, na asubuhi nikaushika dirishani. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka: bahari nzito na nyeusi, kivuli ndicho cheupe. Watu hutazama nyuso kwanza. Mimi hutafuta mahali peupe kuliko pote, penye giza kuliko pote kwenye picha yenyewe, nione kama pana kitu. Palikuwa chini ya goti lake, pale mkeka ulipoingia chini ya khanga. Nikasogeza jicho. Ukili ulionekana, mmoja mmoja, hadi pale ulipoanza kufumuka.