Mzigo Ambao Punda Hakuubeba

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Jana mmoja wenu aliniuliza swali zuri sana. Aliuliza: "Mjomba, mtu akitaka kuhamia kijiji cha mbali, asikomjua mtu, afunge mzigo gani?" Nimelala na swali hilo. Asubuhi nikaona heri ajibu punda.

Ndiyo, punda. Huyu aliishi kweli. Agosti 1846 alipanda kilima cha Rabai, nyuma ya Mombasa, pamoja na wamisionari wawili wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Kusema hakusema. Leo tumpe ulimi.

"Mizigo naijua," anasema punda. "Magunia nayajua, maji nayajua, kuni nazijua. Siku ile nilibeba watu. Wao wawili, mimi mmoja, na wote wana homa. Huyu akichoka kutembea, anapanda. Yule akichoka, huyu anashuka. Lakini mzigo wao mkubwa sikuubeba mimi."

"Mzigo gani huo, punda?"

"Muulizeni mjomba wenu. Mimi nina kilima cha kupanda."

Haya basi. Krapf hakuja pwani peke yake. Alikuja na mkewe, Rosine. Mwanzoni mwa 1844 walifika Unguja, na sultani wa huko, Seyyid Said, akawapa barua ya kuwatambulisha. Kisha wakaja Mombasa, wakapata nyumba kisiwani. Lakini mioyo yao ilikuwa ng'ambo, kwenye vilima wanakokaa Mijikenda. Huko ndiko walikotaka kuhamia.

"Sasa, Mjomba, si wangehama tu? Rabai si karibu?"

Ehe! Hapo umeuliza. Ni karibu. Unapanda mashua, unaingia na mkono wa bahari, unashuka, unapanda kilima. Lakini mmemwona bibi yenu akinunua chungu kipya? Hakitii mchuzi siku hiyo hiyo. Kwanza hukijaza maji au hukipikia uji mwepesi, kizoee moto polepole. Akikiharakisha, kinapasuka, mchuzi unamwagika mekoni. Mgeni naye ni chungu kipya. Akifika kijijini hajui lugha, ataombaje maji? Ataitikiaje hodi? Na akikosea, atajuaje kwamba amekosea?

Basi Krapf akakaa kitako, akajifunza. Kiarabu alikuwa nacho, Kiswahili hakuwa nacho. Hiki mnakiitaje? Anaandika. Na kile? Anaandika. Juni 1844 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni nani? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Sikieni vizuri: kadhi, Mwislamu, alimsaidia mmisionari Mkristo kuyapata maneno. Sehemu hii ya hadithi naipenda kuliko zote. Jirani akija kuomba kaa la moto unampa, na moto wako haupungui. Sheikh alitoa lugha namna hiyo.

Sasa shikaneni mikono, maana hapa pana huzuni.

Julai ya mwaka uleule homa iliingia nyumbani kwao. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu kabla. Tarehe 13 mama akafariki. Kitoto nacho kikamfuata.

"Kwani hawakuwa na chandarua, Mjomba?"

Mwanangu, wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo watu wakagundua. Usiwaone wajinga watu wa kale. Walipigana na adui wasiyemwona.

Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe ng'ambo, bara, watu wanakopita. Akazikwa huko. Kwa hiyo katika familia ile, aliyehamia bara kwanza ni yeye na mtoto wake.

Krapf angeweza kurudi kwao. Hakurudi. Aliendelea kuandika maneno, Kiswahili na lugha ya Mijikenda, miaka miwili. Juni 1846 Rebmann akafika, naye akaugua homa. Ndipo wakaenda kuwaomba wazee wa Rabai mahali pa kukaa. Waliomba kwanza, wapwa zangu. Ua wa watu huuingii kwa kuwa mlango umeachwa wazi. Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja. Wazee wakakubali. Krapf mwenyewe ameeleza walivyosema: ndege ana kiota chake, basi Mzungu naye apate nyumba.

Sasa punda amefika juu. Anahema. Tumuulize tena?

"Punda, mzigo gani ule hukuubeba?"

"Maneno," anasema. "Maelfu ya maneno. Waliyapandisha kilima chote, na mgongoni mwangu hayakuwa na uzito hata wa unyoya."

Mengine mtayasoma shuleni: Rebmann alivyouona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf alivyouona Mlima Kenya mwaka uliofuata. Sifa hizo ni zao. Lakini mkiniuliza mimi, kazi yao kubwa ilikuwa ile ya kukaa mkekani na kuuliza, kitu gani hiki, kinaitwaje. Nanyi mkiniuliza hivyo kutwa nzima, sichoki.

Rebmann aliishi Rabai karibu miaka 29, mpaka macho yake yakaingia giza. Mkewe Emma aliishi naye hapo, akafariki 1866. Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ujerumani akiwa kipofu, ameshikwa mkono na Isaac Nyondo wa Rabai.

Na yale maneno? Yalichapwa London mwaka 1882, kamusi nzima ya Kiswahili. Krapf alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Siku mkienda Mombasa, mwombeni mkubwa wenu awapeleke Rabai. Nyumba za Krapf na Rebmann bado zipo. Mkirudi, mpitie Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Kaburi la Rosine liko pale.