Maumivu ya Koo Yanavyoweza Kuudhuru Moyo

Wako watu wengi wadhanio kwamba mtoto akiumwa na koo, hilo si jambo la kumsumbua daktari. Hupewa maji ya moto yenye chumvi, na baada ya siku chache hucheza na wenzake kama kawaida. Aghalabu huwa amepona kweli. Lakini pengine, baada ya majuma mawili au matatu, hushikwa na homa, na goti lake huvimba na kuuma hata hawezi kuvumilia uzito wa blanketi. Kesho yake goti lina nafuu, na maumivu yamehamia katika kifundo cha mguu au kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Jina hilo huwapoteza watu, kwani ugonjwa huu hauletwi na umande wala kulala sakafuni. Chanzo chake ni vijidudu viitwavyo streptokoki, vikaavyo kooni na kuenea kwa kukohoa na kupiga chafya, hasa pale ambapo watu wengi hulala chumba kimoja. Mwili hutoa askari wake wapigane navyo. Lakini kwa watoto wengine askari hao hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe. Ndiyo sababu homa huja wakati koo limekwisha pona.

Viungo hupona bila kuacha kilema, na hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya. Wazazi waliomchanja mtoto magoti na kumpaka dawa huona uvimbe umekwisha, wakaisifu dawa. Kumbe uvimbe ungalikwisha hata bila dawa hiyo, na huku kifuani vali za moyo, yaani vile vilango vizuiavyo damu isirudi nyuma, huenda zimeanza kupata makovu. Kila homa irudipo huzidisha madhara. Baada ya miaka, kijana hutweta akipanda kilima kidogo, na miguu yake huvimba. Wanawake wengine hawajui kwamba moyo wao una kasoro mpaka wapatapo mimba, wakati moyo unapolazimika kusukuma damu nyingi zaidi.

Iko dalili nyingine ambayo huwaletea watoto adhabu wasizostahili. Mikono na uso hurukaruka bila mtoto kupenda. Huangusha kikombe, mwandiko wake huharibika, hulia bila sababu. Mwalimu humwona mtundu, na jirani husema ana pepo. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1686, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, moyo wake usikilizwe.

Hakuna kipimo kimoja kiwezacho kuutambua ugonjwa huu. Daktari hukusanya dalili, kwa kufuata kanuni zilizowekwa na Daktari T. Duckett Jones wa Marekani mwaka 1944 na kurekebishwa mwaka 2015. Hupima damu kuona kama streptokoki walikuwako, na hutazama moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kwa hiyo ni lazima aambiwe habari za koo, hata kama zimesahauliwa nyumbani.

Kinga yenyewe ni penisilini. Katika kambi moja ya askari huko Wyoming, Marekani, wagonjwa wa koo walitengwa makundi mawili, kila moja watu wapata 800. Kwa habari zilizotangazwa mwaka 1950, waliopata homa hiyo katika kundi lisilopewa penisilini walikuwa 17, na katika kundi lililopewa walikuwa 2 tu. Dawa hiyo huzuia homa hata ikianzwa siku ya tisa tangu koo kuanza kuuma.

Aliyekwisha kuugua homa hii hupigwa sindano ya penisilini kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi, pengine 10 au zaidi, kwa kadiri moyo ulivyodhurika. Sindano hiyo huuma, na mtoto huonekana mzima kabisa. Basi wengi huiacha. Jamaa wakihamia mahali pengine, kadi yake ya hospitali ichukuliwe na kuonyeshwa kwa mganga wa huko kabla siku ya sindano haijapita.