PROPAGANDA: Funzo la Kisii mwaka 1914 kwa kijana wa WhatsApp

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, habari hutembea kasi kuliko bodaboda. Kabla mama mboga hajamaliza kupanga mafungu yake, tayari kuna anayesema bei ya mafuta itapanda, mwingine anaapa itashuka, na kijana wa mkokoteni ana video kwenye simu inayoonyesha mji ukiteketea. Eti ni Goma. Eti ni jana usiku. Ukimuuliza ameitoa wapi, anakujibu, "Imetumwa kwa grupu."

Je, wewe hufanya nini ukipata video kama hiyo? Wengi wetu tunaitazama mara moja, moyo unaruka, kidole kinabonyeza, na ndani ya dakika moja watu mia wameipata. Hapo umemfanyia mtu kazi usiyemjua, kwa bando lako mwenyewe, na hakukupa hata bob.

Kazi hiyo inaitwa propaganda, na neno hili halikuanza likiwa tusi. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda idara ya Kanisa Katoliki ya kueneza imani, na neno hilo la Kilatini lilikuwa ndani ya jina lake. Lilimaanisha kueneza, basi. Lililolichafua ni Vita vya Kwanza vya Dunia, pale serikali zilipotumia magazeti, mabango na filamu kuwafanya raia wamchukie adui, wajiunge na jeshi na wavumilie shida bila kuuliza maswali. Tangu hapo tunalitumia kwa maana ya habari iliyopangwa ili ufikiri na utende anavyotaka aliyeipanga. Zingatia kwamba sijasema habari ya uongo. Inaweza kuwa kweli tupu, ila imekatwa nusu.

Na usidhani vita hivyo vilikuwa vya Ulaya tu. Vilifika hapa hapa Kisii.

Siku Wazungu walipoondoka

Septemba 1914, vita vikiwa na wiki chache tu, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo, wakati huo koloni la Ujerumani, kikaelekea Kisii. Maafisa wa Uingereza wakauacha mji. Septemba 12, wanajeshi wa King's African Rifles waliotumwa kutoka Kisumu wakapambana na Wajerumani hao siku nzima. Kisha pande zote mbili zikarudi nyuma. Mji ukabaki hauna mwenyewe.

Sasa jiweke katika nafasi ya kijana Mgusii wa wakati huo. Miaka sita tu imepita tangu Otenyo amdunge mkuki afisa wa kikoloni, Northcote, na serikali kujibu kwa msafara wa kijeshi ulioua watu, ukachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Unatozwa kodi ya nyumba uliyoijenga mwenyewe. Wazee wanasimulia maneno ya mtabiri Sakawa, kwamba mzungu atakuja na siku moja ataenda zake. Na kuna dini mpya ya Mumbo, iliyoanzishwa Alego mwaka 1913 na Onyango Dunde, ambayo nayo inahubiri kuwa Wazungu watatoweka. Halafu asubuhi moja unatazama mjini na kuona kwa macho yako mawili: kweli, hawapo.

Ungeamini? Mimi ningeamini.

Watu wakaingia mjini, wakapora ofisi, maduka ya Wahindi na vituo vya wamisionari. Lakini Waingereza hawakuwa wameondoka kabisa. Walirudi, na adhabu ikawa kali: nyumba zikachomwa na mifugo ikachukuliwa kwa wingi. Mumbo haikufa hapo. Kwa miaka mingi serikali iliendelea kuwaandama viongozi wake, wengine wakapelekwa uhamishoni hadi Lamu.

Tazama kilichotendeka. Macho hayakudanganya, kwani Wazungu walikuwa wameondoka kweli. Kilichokosewa ni maana: kwamba wameondoka wasirudi tena. Na maana hiyo ilipokelewa kwa sababu watu walikuwa wakiitamani, tena wakiwa na haki kabisa ya kuitamani. Aliyenyang'anywa ng'ombe ana sababu ya kuomba mnyang'anyi aende.

Uvumi wa 1914 haukuwa na ofisi wala mkurugenzi. Propaganda inavyo vyote viwili. Ila zote mbili huingilia mlango mmoja. Mpangaji wa propaganda hapotezi muda kukupandia hisia mpya. Anatafuta hofu, hasira au tumaini ulilo nalo tayari, analipa picha na maneno, kisha anakurudishia. Ndiyo maana habari ya kukuangusha mara nyingi si ile unayoichukia. Ni ile uliyokuwa ukiiombea, au ile uliyokuwa ukiihofia tangu zamani.

Ukweli uliochaguliwa

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, mkoloni alikuwa amejifunza. Mwaka huo lilianzishwa gazeti la Kiswahili la Baraza, na habari za vita zikawafikia wasomaji kwa lugha yao. Magari ya sinema yalizunguka mashinani kuonyesha filamu. Vijana waliambiwa wanakwenda kupigania uhuru dhidi ya dhuluma. Waruhiu Itote alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Burma. Walirudi nyumbani wakakuta kipande na ubaguzi viko pale pale, wakauliza: uhuru wa nani? Itote huyo ndiye baadaye alikuja kuitwa Jenerali China, kamanda wa Mau Mau. Wakati mwingine msikilizaji huichukua ahadi ya propaganda kwa uzito kuliko aliyeitoa.

Vita vya Mau Mau vinafunza zaidi. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, dunia iliambiwa kwamba huu ni ushetani, ni watu waliorudi gizani na kula viapo vya kutisha. Swali la ardhi lilisukumwa pembeni. Magazeti ya ng'ambo yalijaa picha na simulizi za familia za walowezi waliovamiwa usiku.

Sasa weka hesabu mezani. Raia Wazungu waliouawa katika vita vile walikuwa 32. Wapiganaji wa Mau Mau waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe ya kikoloni, walizidi 11,000, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Wale 32 walikufa kweli, na kifo cha kila mmoja kilikuwa msiba kwao. Hakuna aliyehitaji kubuni chochote. Ilitosha kuchagua msiba upi uandikwe ukurasa wa kwanza na upi usiandikwe kabisa.

Pale uchaguzi ulipokataa kutosha, uongo mtupu ulitumika. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walifariki katika kambi ya Hola, Tana River. Taarifa ya kwanza ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa vifo hivyo ukaonyesha walikuwa wamepigwa. Mjadala ukafika hadi bunge la Uingereza mwaka huo huo. Shikilia mfano huu, tutaurudia.

Majina yanayoua

Vita vya karibu zaidi nasi vilipiganwa pia kwa redio. Kule Rwanda, kituo cha RTLM kilichoanza kupeperusha matangazo mwaka 1993 kilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wacheshi. Vijana walikipenda. Ndani ya ucheshi huo Watutsi walikuwa wakiitwa inyenzi, yaani mende. Mende haulizwi jina wala ana watoto wangapi. Hukanyagwa tu. Mwaka 1994, katika siku 100 hivi, mamia ya maelfu ya watu waliuawa. Mnamo Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwapata na hatia watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao wakiwa waanzilishi wa kituo hicho.

Sisi Wakenya tulikuwa na neno letu: madoadoa. Tukaambiana kwa jumbe za simu, kwenye mikutano na kwenye baadhi ya redio za lugha za mama kwamba shamba lina madoadoa yanayofaa kuondolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki. Jamaa zetu wengi walitoroka Bonde la Ufa wakarudi Kisii na Nyamira mikono mitupu. Kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, maeneo kama Chebilat, majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi walijikuta wakitazamana kwa mishale. Kama wewe una miaka 20 hivi leo, ulikuwa mtoto mchanga. Muulize mama yako.

Mpangaji wa leo

Leo mpangaji hahitaji kituo cha redio. Mwaka 2018 meneja wa kampuni ya Uingereza ya Cambridge Analytica alinaswa kwa kamera ya siri ya runinga ya Channel 4 akijigamba jinsi kampuni hiyo ilivyofanya kampeni za uchaguzi hapa Kenya mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2021 watafiti wa wakfu wa Mozilla walieleza jinsi vijana Wakenya wanavyolipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku kwenye Twitter, sasa X, ili hashtegi fulani ionekane kama sauti ya wananchi. Kwa hivyo unapoona jambo linatrendi, usikimbilie kusema "Wakenya wamesema." Huenda ni vijana thelathini na akaunti mia tatu.

Ongeza hapo akili unde, inayoweza kumfanya mtu yeyote aseme lolote kwa sauti yake mwenyewe. Ongeza picha za vita vya zamani zinazovalishwa tarehe mpya kila bunduki zinapolia Sudan au mashariki mwa Kongo. Lakini usiogope mashine kupita kiasi. Mlango wa kuingilia ni ule ule wa 1914.

Pindua debe

Hakuna mnunuzi mjanja Daraja Mbili anayelipia debe la viazi kwa kutazama vya juu. Vya juu ni vya kuonyesha. Anapindua debe, anatazama vya chini. Ifanyie habari hivyo hivyo.

Kwanza, jipime moyo. Kama habari imekupandisha hasira au furaha ghafla, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mtu amejua pa kukugusa.

Pili, uliza: inataka nifanye nini? Nitoke na panga? Nimchukie jirani? Nitume pesa? Nikae nyumbani siku ya kura? Habari ya kawaida hukujuza. Propaganda hukutuma.

Tatu, tafuta kilichoachwa. Picha ni ya lini na ya wapi? Tafuta picha hiyo kwenye intaneti uone kama iliwahi kutumika kabla. Upande wa pili unasemaje? Kuna chombo kingine kilichotuma mwandishi wake hadi pale?

Nne, na hili ndilo kubwa: ikiwa si kweli, nani atalipa? Mwaka 1914 walilipa wenye ng'ombe. Mwaka 2008 walilipa wenye nyumba za mpakani. Waliopanga maneno hawakuchomewa hata kibanda cha kuku.

Hapa kuna mtego mwingine. Kijana akishadanganywa mara mbili tatu, husema, "Aah, wote ni waongo, siamini mtu." Anadhani amekuwa mjanja. Lakini mpangaji anafurahia hilo pia, kwa sababu asiyeamini chochote hawezi kumdai mtu yeyote ukweli. Kumbuka Hola. Kama kila mtu angesema serikali na wafungwa wote ni waongo, taarifa ya maji ingekuwa ndiyo historia hadi leo. Ukweli ulijulikana kwa sababu kuna watu walioamini kwamba upo, wakadai miili ichunguzwe na mashahidi wasikizwe. Kutoamini kila kitu ni uvivu sawa na kuamini kila kitu.

Agosti 2027 tunarudi debeni. Utapata jumbe. Utaambiwa wale wa ng'ambo ya mpaka wanapanga kitu usiku. Zitakuja kwa lugha yako, kwa sauti ya mtu unayemwamini, na zitagusa mahali panapouma. Kabla hujasambaza, chukua simu hiyo hiyo umpigie mtu mmoja unayemjua kule Sotik, uliyesoma naye au unayefanya naye biashara, umuulize anaona nini akichungulia dirishani. Na kama huna hata mmoja wa kumpigia kule, anza kumtafuta sasa, kabla siasa haijapamba moto.