Kinanda cha sinema bila bomba hata moja

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza kule Mbagala au Tandale, unamjua DJ: yule anayeisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili na kutia utani wake. Zamani za filamu bubu, kazi ya kuipa picha uhai ilikuwa ya mpiga muziki. Kwenye sinema kubwa za Marekani na Uingereza alikalia kinanda cha mabomba, kama Wurlitzer, chenye ngoma, kengele, hata kwato za farasi.

Sasa chukua Majestic ya Zanzibar. Jengo la kwanza, lililoitwa Royal, lilifunguliwa 1921, enzi hizohizo za filamu bubu. Liliungua 1953, na la sasa likafunguliwa 1955, filamu zimeshaanza kuongea zamani. Limechakaa mno, na wapo wanaopigania kulirudisha. Tuseme siku moja ukumbi kama huo unataka kuonesha filamu bubu na kinanda cha papo hapo. Tununue mabomba?

Hapana, na sababu ya kwanza ni fizikia. Bomba moja huimba noti moja tu. Noti nzito ya mitetemo 33 kwa sekunde inahitaji bomba la wazi la karibu mita 5. Halafu kuna joto letu. Kwenye nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 30, kama mita 349. Bomba halirefuki kufidia, kwa hiyo noti ya 440 inapanda hadi karibu 447. Yangepanda yote pamoja tungevumilia, lakini mabomba yenye ulimi wa shaba hayapandi sawa na wenzake, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Unyevu wa pwani nao unazila ngozi na mbao za ndani.

Kinanda pepe kinakwepa hayo. Watu huenda kwenye kinanda halisi na kurekodi kila bomba peke yake. Mbona usirekodi moja, halafu kompyuta ipandishe na kushusha? Jaribu kuharakisha sauti ya mtu uone: inakuwa katuni. Kila rekodi ina pumzi ya kwanza, katikati inayozungushwa bila mshono wakati kidole kimebana, na mkia unaosikika ukiachia. Programu kama Hauptwerk huzipakia kwenye RAM, zikisubiri kidole.

Kwa ukumbi wa sinema tafuta rekodi kavu, zilizochukuliwa karibu na bomba. Ukumbi una mwangwi wake. Ukileta rekodi yenye mwangwi wa kanisa la Ulaya, utasikia ukumbi ndani ya ukumbi.

Watu wengi huuliza kompyuta gani. Mimi ningeuliza spika gani, maana hela inaishia huko. Mitetemo 33 inadai spika kubwa za besi, siyo zile za send-off. Na ukirundika noti 40 kwenye spika mbili, sauti zinakorogana. Afadhali uzigawe kwenye spika nyingi.

Kuchelewa je? Kompyuta ikikusanya sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, inachelewa milisekunde 5 na kidogo. Muda huo sauti haijafika hata mita mbili. Mpigaji aliyekaa mita 10 kutoka kwenye spika anacheleweshwa karibu milisekunde 29 na hewa yenyewe! Dawa ni kumwekea spika ndogo ya pembeni. Na UPS tafadhali, maana umeme ukikatika, programu itapakia upya rekodi zote huku Chaplin anaendelea kuanguka kimyakimya.

Mpigaji tutamtoa wapi? Kwaya za Kinondoni na Temeke zinao vijana wanaopiga kinanda cha umeme kila Jumapili. Vidole wanavyo. Kitakachowasumbua mwanzoni ni miguu, kwa sababu besi za kinanda hiki hupigwa kwa pedali, na macho lazima yabaki kwenye picha.