Theluji ya Kibo na Kifua cha Mtu wa Pwani

Juma lililopita mpwa wangu alifika kwangu Mikocheni, mtaa uliopata jina lake kwa mikoche iliyosimama hapa kabla ya kuta na viwanda, akiwa na mfuko wa makoti ya mtumba aliyoyachagua Mwenge, akayatandaza mkekani moja baada ya moja ilhali jasho linamtiririka shingoni.

"Shikamoo mjomba. Lishike hili uone uzito wake."

Nikaitikia marahaba, nikamwuliza safari yake ya Kilimanjaro ni ya siku ngapi. Akasema tano, kwenda na kurudi, kwa kuwa ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Nikaliacha koti, nikamketisha.

Sisi wa pwani neno la theluji tulilipata kwa Waarabu, na la barafu kwa Waajemi, wala wengi wetu hatujapata kuiona theluji yenyewe. Mmisionari Johannes Rebmann, alipokiona Kibo, kilele cheupe cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, alisikia kiongozi wake akiuita weupe ule "baridi" tu, na habari hiyo ilipofika London mwanajiografia Desborough Cooley aliikadhibisha, akiona muhali theluji kukaa jirani na ikweta. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika juu wakateremka kwa mbao za kutelezea. Atakayezibeba mbao hizo leo atatelezea changarawe, maana barafu, iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka ule, kufikia 2011 haikutimia hata kilomita mbili. Sehemu yake haikuondoka kwa kuyeyuka, bali jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke pasipo kupitia maji, kama kafuri ipunguavyo sandukuni bila kulowesha kanga. Na theluji mpya, ambayo kwa weupe wake huirudisha angani miali ya jua na kuisitiri barafu kongwe, haianguki tena kama zamani.

Theluji hiyo mpya huanguka zaidi masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, njia zikawa na utelezi na mawingu yakaziba kila kitu. Mwenye hiari ya kuchagua na aende Januari na Februari, au kati ya mwisho wa Juni na Oktoba, akijua kuwa Julai baridi yake haina mzaha. Kuondoka usiku wa manane kuelekea kileleni nako kuna hikima: changarawe iliyoganda hushika mguu, ile iliyopigwa na jua huurudisha nyuma.

Lakini makoti si hoja. Kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, hewa ina oksijeni kwa kiasi kilekile cha Mikocheni, sehemu 21 hivi katika 100. Kilichopungua ni mgandamizo, uliokaribia nusu, hata kila pumzi ikaingiza kifuani takriban nusu ya riziki iliyozoeleka. Mwili hujibu kwa kupumua upesi, na kwa kufanya hivyo hutoa kabonidayoksaidi kupita kadiri, damu ikazidi magadi, nao ubongo ukaamrisha pumzi zipungue, hususan usingizini, ndipo mgeni wa mlima hugutuka usiku akitweta. Figo ndizo zisuluhishazo, kwa kuyatoa magadi yale katika mkojo, na kazi hiyo huzichukua siku, si saa.

Kwa hiyo matabibu hushauri kwamba aliyepita mita 3,000 asipandishe malazi yake zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Tazama sasa vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, na kituo cha Kibo, chini ya kilele, takriban 4,700. Msafiri wa siku tano, akipanda, hulala vituo vyote hivyo usiku mmoja mmoja. Wa siku sita huongeza siku ya kubaki Horombo, nayo ndiyo aliyoifuta mpwa wangu. Kuna dawa, asetazolamaidi, iziharakishayo figo, lakini haimfai kila mtu, na ni daktari wa kuiandika.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni onyo la kutopanda zaidi mpaka dalili hizo zipite. Mtu akiyumba kama mlevi, au akitweta ilhali ameketi, au akikohoa povu, maji yameingia ubongoni au mapafuni, naye ateremshwe papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku. Na wenye selimundu, maradhi yaliyoenea mno nchini mwetu, wasipande. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini pengine hajaugua hata siku moja, bandama yake yaweza kudhurika huko juu, basi apime damu kwanza. Kadhalika macho: theluji mbichi hurudisha hadi asilimia 80 ya miali ya urujuanimno, na asiyevaa miwani ya giza huamka akihisi ametiwa mchanga machoni.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo.

"Na hiyo siku ya sita, mjomba, nitailipia nini?"

Sikumjibu. Akayatazama makoti, akachagua moja, mengine akaanza kuyakunja na kuyarudisha mfukoni.