Istilahi za Kuporomoka kwa Majengo

Jengo liporomokapo, wananchi huuliza nani alaumiwe. Mhandisi huanza na swali jingine: ni sehemu gani iliyotangulia kushindwa kubeba mzigo, na kwa nini? Shahidi akimjibu kwamba jengo "lilianguka" tu, hajamwambia kitu.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno hapa. Fundi wa Korogwe ajengaye nyumba ya miti na udongo hutofautisha mambo haya:

(a) Kutitia: ardhi kushuka chini ya msingi, hasa penye udongo uliolowana, kama kando ya mto Pangani.

(b) Kubonyea: boriti kupinda kwa kulemewa, kabla ya kuvunjika.

(c) Kuinama: nguzo au ukuta kuacha wima, pengine kwa sababu mchwa wamekula mguu wa nguzo.

(d) Kupasuka: ukuta kufanya ufa. Ufa wa mshazari mara nyingi ni dalili kwamba upande mmoja umetitia.

(e) Kuporomoka: sehemu za juu kushuka kwa mfululizo juu ya zile za chini.

Tunapendekeza maana hizo zitumike pia kwa majengo ya zege. Kuporomoka ndio mwisho. Manne ya kwanza ni dalili zinazoweza kuutangulia.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo. Katika misiba ya namna hii, uokoaji ukishakwisha kifusi huwa ushahidi. Wahandisi hupiga picha, hutia vipande alama, hupima maabara nguvu ya zege na nondo, hufukua msingi, na hulinganisha ramani na kilichojengwa hasa. Kisha hukokotoa mizigo, na kila dhana isiyopatana na ushahidi huiacha. Maneno ya mashahidi huwasaidia kupanga mfuatano: je, boriti ilibonyea kabla ukuta haujapasuka, au baadaye?

Lakini faida kubwa zaidi huja kabla ya msiba. Mpangaji asemaye "nyumba hii mbovu" huenda asisikilizwe. Asemaye "nguzo ya kati imeinama tangu jana" ametoa habari inayoweza kuwatoa watu ndani wakiwa hai.

Wasomaji, hasa mafundi, mnaombwa kutuletea maneno mengine mnayoyatumia kazini.